UZI: Kwaya ya vijana wa Kamina, kutoka darasani Katanga hadi Brussels 1958. Ilikuaje?

Mwalimu wa Sofa (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wadau. Na salamu kwa wote wa madhehebu mengine mnaopita humu kwa kupenda uimbaji.

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, parokiani huzuka lalamiko lilelile: kwaya ya vijana imepukutika. Wengine wamekwenda vyuoni, wengine wameoa na kuolewa wakahamia kwaya kuu, wengine wamefuata vikundi vya injili vinavyorekodi video. Uongozi unakaa kikao. Unachangisha sare mpya, unakopa kinanda, unapanga safari ya kwaya rafiki. Mwaka unaofuata tunarudi palepale.

Mimi nafundisha kwaya ya vijana, na jambo hili linaniuma. Ndiyo maana nataka tuiangalie kwa makini kwaya moja iliyokua kwa kasi, katika pembe ya Afrika inayosema Kiswahili kama sisi. Haikuanza na karatasi ya noti hata moja, na misa iliyoiacha inaimbwa duniani hadi leo. Ni Les Troubadours du Roi Baudouin, vijana wa Kamina, Katanga.

Kamina ni mji wa njia panda ya reli, kaskazini mwa Katanga ya zamani, nchi ya Waluba. Leo ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Septemba 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Kibelgiji aliyezaliwa Antwerp 1921, alifika Kongo akakabidhiwa shule ya Kamina. Mwaka 1954 kwaya ikawa imeshasimama: wavulana kama 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15 wa shule hiyohiyo. Jina walipewa la mfalme wa Ubelgiji, ndio ulikuwa wakati wa ukoloni. Sauti zilikuwa za watoto wa Katanga.

Huo umri uangalieni vizuri. Mvulana wa miaka 14 yuko mlangoni mwa kubalehe; sauti yake ya juu inaondoka wakati wowote. Kwa hiyo kwaya ya wavulana hupoteza waimbaji kila mwaka hata mwalimu awe hodari namna gani. Kamina walikuwa na jibu bila hata kulitafuta: ile ilikuwa shule. Kila mwaka watoto wapya waliingia na sauti zao mbichi, na sauti za kiume, tena (tenor) na besi, zilikuwepo tayari kwa walimu. Mtoto alisimama kwenye kwaya moja na mtu aliyemfundisha darasani, akajifunza kuimba kwa kumsikiliza mtu mzima anayeimba vizuri. Sisi vijana wetu tunawafungia wenyewe kwa wenyewe, halafu tunashangaa wote wanaondoka mwaka mmoja.

Sasa nyimbo. Maneno ya misa yalikuwa ya Kilatini, yaleyale yaliyoimbwa Roma, na hakuna neno lililoguswa. Waimbaji waliyachukua maneno hayo wakayaimba kwa mitindo ya kwao, wakibuni kwa pamoja papo hapo, wakirudia na kurudia hadi kipande kikasimama. Utuhurumie ikaja kwa mtindo wa kasala, maombolezo ya Kiluba. Mtakatifu ikajengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana ikapewa mdundo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai. Mwanakondoo ikatoka kwenye wimbo wa watu wa Bena Luluwa. Na kwenye Nasadiki, pale wanapofika "Crucifixus", alisulubiwa kwa ajili yetu, panaingia mdundo ambao kwao hutumika kutangaza kifo.

Hapo ndipo mimi husimama kila ninaposikiliza. Mtoto wa Kamina hakuhitaji kufundishwa kwamba mahali hapa ni pa huzuni. Mdundo ule ameusikia tangu anabebwa mgongoni, anajua ukilia mtaani watu huacha kazi. Alipouimba kanisani alikuwa anatangaza msiba wa kweli. Hicho ndicho ninachokiita muziki mtakatifu: neno la Kanisa na moyo wa mwimbaji vimekutana, hakuna kilichombeba mwenzake kwa nguvu.

Misa hiyo, Missa Luba, iliimbwa kwenye misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ikasafiri Ulaya: Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani. Waliimba kwenye Maonesho ya Dunia ya Brussels, wakaimba pamoja na kwaya maarufu ya wavulana wa Vienna, na kampuni ya Philips ikaitoa misa kwenye sahani ya santuri. Kutoka darasani hadi huko ni kama miaka minne tu.

Jambo jingine lazima lisemwe. Kwenye maonesho hayohayo ya Brussels kulikuwa na "kijiji cha Wakongo", ambako Waafrika waliwekwa wakitazamwa na wageni kama wanyama, wakitupiwa maneno ya dharau, hadi wakakataa na kurudi kwao kabla ya maonesho kwisha. Mji uleule, majira yaleyale, watoto wa Kamina wanapigiwa makofi. Siwezi kusimulia safari ile kama ushindi mtupu. Pia jina lililokaa juu ya misa kwa miaka mingi ni la padre, wakati melodia, midundo na ubunifu ni vya Waluba. Kati ya waimbaji, anayetajwa zaidi ni Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba solo ya tena. Wale watoto wengine wote tunawasikia kwenye santuri tu, bila majina.

Hoja yangu ni hii: kwaya ile ilikua kwa sababu vijana wenyewe walikuwa na mkono katika kuutengeneza wimbo, na kwa sababu nyuma yao kulikuwa na watoto wanaokuja na mbele yao watu wazima wanaoimba. Sare zilikuja baadaye. Karibuni tujadili.

Alto wa Mbezi

Milele, Amina. Asante mwalimu kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili.

Swali: mwaka 1958 ni kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Ngoma ziliingiaje kanisani wakati huo? Mimi nimekulia kwenye kigango ambacho ngoma zilikuwa zinafungiwa sakristia wakati wa Kwaresima na Majilio, na miezi mingine katekista mzee bado anakunja uso. Tuliambiwa muziki mtakatifu ni Kigregori, ule uimbaji wa kale wa Kilatini, na kinanda, basi.

Mwalimu wa Sofa

Dada, swali zuri. Watu wengi hudhani mlango ulifunguliwa na Mtaguso peke yake. Siku ya Noeli 1955 Papa Pius XII alitoa waraka kuhusu muziki mtakatifu, na humo aliwahimiza wamisionari wautumie upendo wa muziki walio nao watu wanaowahubiria, wawape nyimbo za dini zinazofanana na za kwao. Kamina walikuwa wanaimba kwenye hewa hiyo. Ndipo tarehe 4 Desemba 1963 ikaja Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kifungu cha 116 kinaupa Kigregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kiroma, na hiyo haijafutwa. Kifungu cha 119 kinasema muziki wa asili wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayostahili. Vyote viwili vimo kwenye hati moja, kurasa zilezile. Anayesoma kimoja na kukificha kingine hatutendei haki.

Kwa hiyo katekista wako mzee hakosei kuhusu Kwaresima, kipindi kile kina kiasi chake hata kwa kinanda. Ila sikiliza santuri ya Kamina: ngoma haipigwi kila mahali. Mtakatifu inaanza polepole, kwaya ikimjibu solo kwa upole, halafu Hosana inafika na ngoma zinashika kasi. Kuna mahali pa kunyamaza na mahali pa kulipuka, na vijana wale walipajua. Ngoma zetu nyingi leo zinaanza na wimbo wa mwanzo na kumaliza na wa kutokea, mpigo mmoja, sauti moja. Hapo kweli nami nitakunja uso.

Mwana Lushi

Yambo sana bandugu. Mi niko mu Lubumbashi. Nafurahi kuona bantu ba Tanzania banasema juu ya Kamina. Kwetu ile namna ya moja anaita, bengine banaitika, njo namna wazee banaimba ku kilio na ku kazi. Haikutoka ku masomo ya bazungu. Batoto balikuja nayo ku masomo.

Na musisahau: 1960 tulipata uhuru tarehe 30 Juni, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Vita ikaingia mu inchi ya Baluba. Balioimba Brussels bakiwa batoto, balikomaa mu ile vita.

Mwalimu wa Sofa

Ndugu wa Lushi, asante sana. Umelisema kwa ufupi: watoto walikuja nayo shuleni. Na hilo la 1960 limenigusa. Santuri ikiwa inazunguka Ulaya, nyumbani kwao risasi zilikuwa zinalia. Kwa wadau wasiojua, njia ile haikuishia Kamina. Kanisa la Kongo liliendelea kuifanyia kazi liturujia yake, Kardinali Malula wa Kinshasa akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, jina la Kongo wakati huo. Ukisali misa ya Kinshasa leo, ukaona padre na watumishi wanacheza kuizunguka altare wakati wa Utukufu, kumbuka misa ya watoto wale ilitangulia kwa miaka 30.

Sauti ya Nairobi

Hamjambo. Nyongeza kutoka Kenya: Missa Luba ilirekodiwa upya na Muungano National Choir ya Nairobi chini ya Boniface Mganga, ikatoka 1990, Philips haohao. Walikuwa Wakenya wanaoimba misa ya Waluba, na kwenye rekodi hiyohiyo wakaweka na nyimbo za kwetu. Nilipokuwa shule ya upili tuliisikiliza hiyo Muungano kwanza, ndipo mwalimu akatutafutia ile ya 1958. Tofauti inasikika. Muungano ni wakubwa, sauti zimenyooka, zimeiva. Ile ya Kamina ina ukali wa sauti za watoto juu ya besi za watu wazima, na hapo ndipo moyo wangu ulipobaki.

Besi wa Pili

Mwalimu nakuheshimu sana, lakini hapa naomba tupingane. Unasema hawakuanza na noti, ukisifu. Kwaya zetu zinaua nyimbo kwa sababu hiyohiyo! Kila mtu anabuni sauti yake, waimbaji wa tena wanaimba soprano chini, alto wanamfuata aliye jirani. Wimbo ukitoka Mwanza ukifika Mbeya umeshakuwa wimbo mwingine. Bila sofa, yaani noti za do re mi, hakuna kwaya. Nimefundishwa na padre aliyekuwa hakuruhusu mtu kuimba neno kabla hajaimba d r m f, na kwaya ile hadi leo inaimba safi.

Mwalimu wa Sofa

Mkuu, jina langu humu lilivyo hatuwezi kugombana juu ya sofa. Naifundisha kila wiki. Wimbo unaosafiri lazima uandikwe, na mtunzi ana haki ya kuimbwa alichotunga. Na faida tunaiona: leo mwalimu wa kigango cha ndani kabisa anafungua tovuti ya Swahili Music Notes kwenye simu, anapata wimbo wa dominika ijayo. Wazee wetu walinakili kwa mkono usiku kucha.

Ila kubuni kwa Kamina kusilinganishwe na hicho unachokieleza. Wale walikuwa na sheria, ingawa haikuwa kwenye karatasi: nani anaita, nani anaitika, sauti ya pili inakaa umbali gani na ya kwanza, ngoma ipi inaongoza. Sheria hiyo waliijua kwa masikio toka utotoni. Noti za Missa Luba zilikuja baadaye, zikiandikwa kutokana na kilichoimbwa. Na kwaya nyingi za nje zinazoimba kutoka kwenye noti hizo hufanya kila kitu sawasawa na bado inatoka kavu, kwa sababu pale mwimbaji wa tena aliposokota melodia kwa pumzi yake, wao wanasoma mapigo.

Kijana wa kwaya yako anahitaji vyote viwili. Na hili si wazo la Kamina peke yake. Padre Stephen Mbunga wa kwetu kusini, Songea, aliyetuachia Misa Baba Yetu, alichapisha 1963 utafiti mzima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Yule alijua noti, alijua sheria, na alijua ngoma za kwao. Uganda nako, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio (utungo mrefu wa kwaya wenye kisa cha dini) ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma 1964, mwaka wa kutangazwa watakatifu. Kizazi kile kilisoma sana na hakikuona aibu kuimba kama nyumbani. Mimi nataka vijana wetu wawe wa ukoo huo.

Mama Kwaya

Wanangu, nimefurahi kusoma mazungumzo ya heshima hivi. Mimi ni mlezi wa kwaya ya vijana, siyo mwalimu. Naona mnazungumzia wavulana tu. Kwetu wasichana ndio wengi, wavulana wanakuja wakiwa na miaka 13 au 14, wanaimba miezi michache, sauti inaanza kupasuka, wenzao wanawacheka, wanaacha. Hawarudi tena. Waimbaji wa tena hatuna. Tufanyeje?

Mwalimu wa Sofa

Shikamoo mama. Hapa umegusa kidonda chenyewe. Waimbaji wetu wa tena hatuwapotezi wakiwa na miaka 20, tunawapoteza wakiwa na 13 kwa kicheko cha siku moja.

Ninavyofanya ni hivi. Kijana akianza kupasuka sauti simhamishii besi siku hiyohiyo, maana koo bado halijatulia; leo anafika chini, kesho hafiki. Namwambia mbele ya wenzake kwamba sauti yake inakua na tunaisubiri. Katika kipindi hicho anashika ngoma au kayamba, au anakuwa mtunza noti, na anahudhuria mazoezi kama kawaida, akikaa katikati ya tena na besi ili masikio yake yazoee. Akitaka kuimba aimbe noti zilizo katikati tu, kwa sauti ndogo, na zile asizozifikia aziache. Mara nyingi namwandikia mstari wake mwenyewe, noti nne au tano hivi. Watoto hawa wanajivunia sana mstari ulioandikwa kwa ajili yao. Sauti ikitulia anarudi akiwa mwimbaji kamili wa tena, na hajakosa hata Pasaka moja.

Kuhusu wasichana, mama, Kamina ilikuwa kwaya ya wavulana, na hilo silichukui. Wasichana wetu ndio nguzo. Ninachokichukua ni mpango wa umri. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto parokiani, waimbe na vijana angalau dominika moja kwa mwezi. Na wazee wawili watatu wa kwaya kuu, wenye besi za kuaminika, waombwe kuja kwenye mazoezi ya vijana. Waje kuimba tu. Amri na kuinua mikono wamwachie mwalimu wa vijana.

Alto wa Mbezi

Mwalimu, la mwisho kutoka kwangu. Hilo la vijana kuwa na mkono kwenye wimbo, kwa sisi wa mjini linawezekanaje? Vijana wangu nusu hawajui hata wimbo mmoja wa kabila lao. Wamezaliwa Dar, bibi yuko Kilimanjaro au Kagera, wanamwona Desemba.

Mwalimu wa Sofa

Dada, wanajua zaidi ya wanavyosema. Waulize walichoimba kwenye msiba wa mwisho waliohudhuria. Waulize bibi aliimba nini akimbembeleza mdogo wao. Waulize za mchezo wa kuruka kamba, za mchakamchaka shuleni. Mchakamchaka wote una kuita na kuitika, na kijana wa Mbezi anaujua hadi ndotoni.

Anza na zaburi ya wimbo wa katikati. Maneno yamepangwa na Kanisa, hutayagusa, kama Kamina hawakuyagusa. Kiitikio ni kifupi, mstari mmoja. Wagawe vijana wanne wanne, kila kundi litafute melodia ya kiitikio hicho kwa masikio, bila kinanda. Wape nusu saa, kisha kila kundi liimbe mbele ya wengine na wote wachague. Wewe sasa ndipo unachukua kalamu: unakiandika kwa sofa, unapanga sauti nne, unasahihisha pale neno lilipobanwa, maana vijana hupenda kuweka mkazo mahali ambapo Kiswahili hakiweki. Mpelekee paroko akione kabla ya dominika. Wa kwetu huuliza jambo moja tu, kama waumini wataweza kuitikia wakikisikia mara ya kwanza. Ni swali la haki.

Nimefanya hivi na vijana wa parokia ya mjini. Kiitikio cha kwanza walichochagua kilitoka kwa binti ambaye alikuwa hajawahi kufungua mdomo kwenye mazoezi. Alikichukua kwenye wimbo ambao mama yake huimba akipepeta mchele. Tulipofika Jumapili, kanisa zima liliitikia tangu beti ya kwanza, na wiki iliyofuata alikuja na wadogo zake wawili.

Besi wa Pili

Nusu saa bila kinanda nakubali kujaribu. Alhamisi tuna mazoezi, zaburi ya dominika ninayo tayari. Ila sofa wataandika wenyewe, mwalimu, hapo sikuachii.

Mwalimu wa Sofa

Waandike wenyewe, mkuu. Hapo umeniongezea kitu. Ukimaliza kiitikio weka hapa tukione sote, na Mwana Lushi atuambie kama kwao kingeitikiwa.